Shimo nimechimba, maji hayakai, samaki wanaisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, umri wangu miaka 34, nyumba yangu iko Naliendele. Nina mke, binti wa miaka miwili na nusu, na mama mkwe aliyeteremka kutoka Newala kutusaidia kulea. Uani kwangu kuna nafasi ya kutosha na mkorosho mmoja mkubwa.

Mwaka jana nilikwenda Dar kununua spea, nikalala kwenye nyumba ya wageni yenye kibwawa cha samaki wa dhahabu, wale goldifishi. Nilivuta kiti nikawatazama mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikasema na mimi lazima niwe nacho.

Mwezi uliopita nikaagiza samaki 20. Walikuja kwa basi ndani ya mifuko ya nailoni, wanne wakafika wamekufa. Waliobaki niliwatia kwenye jaba la lita 100 nyuma ya jiko. Kila asubuhi namwaga maji yote nawawekea mapya ya bomba, masafi kabisa, na chakula nawapa mara tatu kwa siku. Hata hivyo kila baada ya siku mbili naokota mmoja au wawili. Leo wako tisa, wawili kati yao ni wale weusi wenye macho yaliyotokeza. Jirani ameanza kupulizia salfa mikorosho yake juma lililopita, nikadhani ndiyo inayowaua, lakini walianza kufa kabla hajapulizia.

Shimo nimechimba mwenyewe chini ya mkorosho ili wapate kivuli: urefu mita 3, upana mita 2, kwenda chini mita moja na nusu, kuta zimesimama wima kama kaburi (ni mama mkwe aliyesema kaburi, si mimi). Nilifuata video ya bwana mmoja wa Uingereza aliyesema usipochimba kina kirefu samaki watakufa. Nikamwaga madumu 40 ya maji kujaribu. Asubuhi nikakuta mchanga umelowa tu.

Fundi mmoja anasema tujenge kwa tofali, tupige plasta, kesho yake tujaze maji. Mwingine anasema nitandike turubai la bluu yaishe. Mke wangu anasema nafuga mbu. Mama mkwe anasema bwawa uani linaita nyoka, tena ananikumbusha kwamba wao huko juu walikuwa wanateremka bondeni na ndoo kichwani, na mimi namwaga maji ardhini. Jirani ananiambia niachane na mapambo nifuge perege, angalau nitakula. Na umeme sijui utakuwaje, pampu itakula uniti ngapi, na ukikatika je?

Niendelee au nifukie?

Baba Zulfa, Naliendele

*

Marahaba mwanangu.

Fukia. Halafu endelea, mahali pengine. Nitakueleza, ila kwanza twende nyuma ya jiko, kwa sababu shimo linaweza kusubiri na wale tisa hawawezi.

Hao samaki hawauawi na salfa. Wanauawa na usafi wako na ukarimu wako. Mimi nilipoanza hapa Mtanda, Lindi, nilizika samaki kumi na mmoja ndani ya juma moja chini ya mpapai, na kila siku nilikuwa nasugua beseni mpaka linang'aa. Nilichokuwa sijui ni hiki: samaki anatoa taka yake kwa kupumua. Amonia inatoka kwenye mashavu yake na kuingia kwenye maji yaleyale anayoyavuta, na chakula kinachozama bila kuliwa nacho kinaoza na kuwa amonia. Kwenye bwawa lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaipenda. Bakteria hao hawaelei tu majini, wanashika juu ya vitu: mawe, kuta, sponji. Kuzaliana mpaka watoshe huchukua kama majuma manne hadi sita. Wewe jaba lako kila asubuhi ni jipya. Juu ya hapo maji ya bomba yana klorini, iliyowekwa iwaue vijidudu wa kutuudhi sisi, na inaunguza mashavu ya samaki bila kuuliza.

Kwa hiyo leo jioni usiwape chakula, kesho pia. Hawatakufa kwa njaa. Jaza madumu mawili, yaache wazi bila kifuniko siku nzima, ikiwezekana siku mbili, klorini itoke. Kila siku badilisha robo ya maji, usizidishe theluthi. Chota chini kwenye uchafu, mimina mapya taratibu. Kisha tafuta pampu ndogo ya hewa, zile zinazotumia waya wa kuchajia simu. Hapa nakuonea wivu, maana mtu mwenye duka la simu hakosi chaja wala pawabenki. Pampu ya namna hiyo hutumia wati moja au mbili, pawabenki nzuri itaisukuma usiku kucha. Mwisho wa mpira wake funga kipande cha sponji kubwa ili mapovu yavute maji yapite ndani yake. Sponji hiyo usiitupe na usiioshe kwa maji ya bomba hata ikionekana chafu namna gani. Ikamulie kwenye maji uliyoyachota jabani, basi. Ule uchafu wa kahawia unaoteleza ndio wafanyakazi wako, na siku bwawa likiwa tayari sponji itahamia huko pamoja nao. Yaani bwawa lako linaanza leo, ndani ya jaba.

Sasa yule bwana wa Uingereza. Hakukudanganya, alikuwa anasema ya kwao. Kule juu ya bwawa huganda barafu, samaki anajificha chini kwenye maji ambayo hayajaganda. Naliendele barafu utaikuta kwenye friji ya dukani. Shida yetu ni joto. Goldifishi asili yake ni China, walimfuga huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na anajisikia vizuri kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 24. Anavumilia 30, lakini kuvumilia si kustarehe. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu. Wakati huohuo mwili wa samaki kwenye joto unaenda mbio, unataka hewa zaidi, si kidogo. Hesabu zinamkaba pande zote mbili. Na hewa inaingilia juu, pale maji yanapogusana na upepo. Shimo jembamba lenye kina kama kisima lina mdomo mdogo na tumbo kubwa, na chini kabisa maji yanalala bila kupumua.

Kwa huku kwetu sentimita 80 za maji zinatosha. Yakiwa 40 tu, jua la Januari litayapika. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza upana.

Tuje mahali. Nakuelewa ulivyowaza kivuli, lakini chini ya mkorosho hapana. Majani yatadondoka mwaka mzima, maua yatadondoka, halafu kuanzia Oktoba mabibo. Bibo moja lenye sukari likianguka majini, linaoza na kumaliza oksijeni yote iliyolizunguka. Mabibo hamsini, mwanangu, hapo utakuwa unatengeneza uraka, pombe ya mabibo. Mizizi nayo iko kila mahali, na ukiikata unaukosea mti unaokupa fedha.

Halafu dawa. Salfa yenyewe, ile ya ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho, si adui mkubwa wa samaki, ingawa sipendi iingie bwawani. Ya kuogopa ni dawa ya wadudu, inayopigwa kwa ajili ya mbu wa mikorosho, yaani mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa kutuuma sisi. Nyingi ni za kundi la pairethroidi, na hizo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho wewe ukikishika hata hujui. Bomba la mota linarusha ukungu mpaka juu ya mti, na upepo wa miezi hii ni kusi, unatoka kusini. Kwa hiyo simama uani, uangalie mikorosho ya jirani iko upande gani, kisha bwawa lipeleke upande ambao kusi inalifikia kabla haijafika kwenye mikorosho, au nyumba yako ikae katikati kama ngao. Ongea naye akwambie siku za kupuliza. Siku hiyo funika bwawa kwa turubai asubuhi, zima pampu ya hewa isivute ukungu, na usifunue mpaka ametulia saa kadhaa. Kama katika uwanja wako wote hakuna mahali pasipofikiwa na ule ukungu, basi hapo nitakwambia usijenge kabisa.

Kivuli utakitengeneza mwenyewe: nguzo nne na makuti yafunike nusu ya bwawa, upande wa jua la mchana na alasiri. Jua la asubuhi liache liingie. Ukiweka na yungiyungi moja kwenye ndoo ya udongo humo ndani, majani yake yatafanya kazi nusu. Gugu maji usilete hata ukipewa bure na hata maua yake yakikupendeza, linajaa bwawa lote ndani ya miezi na kuwakatia samaki hewa.

Kuhusu ujenzi, mafundi wako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake. Turubai la bluu ni la kuanikia. Jua letu linalichana, mwaka ukiisha utakuwa na nyuzi. Na zege si baya, mimi langu ni la zege, lakini lina masharti ambayo mtu mwenye haraka hayawezi. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi inakula nondo. Zege limwagiliwe maji siku zisizopungua saba ndipo lishike vizuri. Halafu saruji mpya inatoa chokaa majini. Maji yanakuwa makali kama ya sabuni, na maji ya namna hiyo yanaifanya ile amonia iwe sumu zaidi. Inabidi ujaze, uache kama juma moja, umwage, ujaze tena, mara tatu au zaidi, na upime kwa karatasi za kupimia maji mpaka kipimo cha pH kishuke chini ya 8.5. Fundi anayekwambia ujaze kesho yake anajua kujenga tangi la kufulia.

Wewe, kwa mchanga wa Naliendele na kwa mara ya kwanza, tandika plastiki nzito nyeusi, ile wanayoiweka kwenye mabwawa ya umwagiliaji. Mchanga kwa plastiki ni godoro zuri. Tatizo lake ni kwamba hausimami wima, ndiyo maana kuta zako zitaporomoka masika ikifika, kama hazijaanza. Nashauri nusu shimo na nusu ukuta. Chimba sentimita 45 tu, kuta ziwe za mteremko. Kisha rudi nyuma kidogo kutoka ukingoni, mwaga msingi mwembamba wa zege, pandisha kozi mbili za tofali za bloku kuzunguka. Hapo una kina cha karibu sentimita 90, maji yakikaa 80. Toa kila jiwe na kila mzizi, tandika viroba vitupu na mablanketi ya zamani, ndipo plastiki. Kipimo chake: urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 30 za kupindia kila upande. Kwako ni mita 5.4 kwa 4.4. Usinunue pungufu ukitegemea kuunganisha, maungio ndiyo yanayovuja. Udongo utakaotoka humo anza nao kufukia lile kaburi, ukipungua malizia kwa majani makavu ya mkorosho.

Ule ukuta una kazi nyingine. Kwenye mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili na Mei, maji ya uani yanakimbia na kila kitu: mafuta ya bodaboda, samadi, sabuni. Ukuta unayazuia. Toboa karibu na juu utie bomba la kutolea maji ya ziada, lenye wavu mdomoni, la sivyo siku ya mvua kubwa samaki watakwenda kumtembelea jirani.

Sasa Zulfa. Miaka miwili na nusu ndio umri wenyewe wa kuogopa. Mtoto wa umri huo anazama kwenye maji ya kina cha kiganja, na hapigi kelele, anaingia kimya. Ukuta wa sentimita 45 kwake ni ngazi. Unahitaji uzio wa mita 1.2 kuzunguka, usiokanyagika, na kimlango kinachojifunga chenyewe kwa ndani kwa komeo lililo juu ya mkono wake. Na ndani ya bwawa weka fremu ya wavu mgumu wa chuma, sentimita chache chini ya uso wa maji, itakayombeba mtoto. Samaki watapita chini yake bila wasiwasi, na mdiria na korongo watapata shida kuwinda, kwa hiyo umewakomoa wote. Lile shimo la mita moja na nusu lililo wazi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii, lifunike kwa mbao.

Mkeo kuhusu mbu yuko sahihi nusu, na nusu hiyo ni ya leo. Maji yaliyotuama bila samaki, kwenye joto letu, yanamtoa mbu kutoka yai hadi mabawa kwa siku saba hadi kumi. Bwawa lenye goldifishi ni kinyume, viluwiluwi ni chakula chao kitamu kuliko chochote utakachokinunua. Hatari ni yale majuma ambayo umejaza maji na samaki hawajaingia. Hapo funika bwawa lote kwa chandarua, ukizike pembeni kisiache upenyo. Na mwambie mama Zulfa akague pia matairi na makopo nyuma ya nyumba kabla hajakushtaki wewe.

Mama mkwe umsikilize. Nyoka hawaitwi na maji, lakini vyura watakuja, hilo ni hakika, na nyoka anafuata vyura. Fyeka majani mita kadhaa kuzunguka, usirundike mawe wala mbao karibu. Kenge naye atakuja kuonja. Kuhusu maji, hesabu ni hizi, umsomee kwa adabu. Bwawa lako litakuwa na kama lita 3,500. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kama paa lako lina mita za mraba 60, mvua ya milimita 60 inatoa lita 3,600, na kwetu kiasi hicho kwa mwezi wa masika si kitu cha kushangaza. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaache yaende, yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Kiangazi bwawa likipunguza milimita tano kwa siku ni lita 30, dumu moja na nusu. Na maji utakayoyachota kila juma wakati wa kusafisha, kama asilimia 10, yana nitrati ndani yake, mwagie mchicha wake. Mtu aliyebeba ndoo kichwani utotoni atalielewa bwawa linalolisha mchicha.

Jirani wa perege nakubaliana naye kuliko unavyodhani. Perege ni samaki wa joto, kwa hali ya hewa ya Mtwara yeye ni mwenyeji na goldifishi ni mgeni. Ukitaka kitoweo fuga perege, na kampasi ya Mikindani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, hiyo hapo karibu na wewe, kaulize. Usiwachanganye tu. Perege anazaa upesi, anapora chakula, anawasukuma wenzake.

Idadi: hao tisa wanatosha. Hata kama wote watapona, usiagize wengine. Goldifishi mwembamba wa mkia mmoja anafika sentimita 20 na kupita, na mimi kwenye joto letu sishuki chini ya lita 200 kwa samaki mmoja. Watazaana wenyewe. Wale weusi wawili wenye macho ya kutokeza wanaona vibaya, wenzao watawamalizia chakula. Ni bora wabaki kwenye chombo chao kikubwa barazani kuliko bwawani. Chakula mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Goldifishi hana tumbo kama letu la kuhifadhi chakula, ni utumbo mtupu kutoka mdomoni mpaka mwisho, hawezi kula akaweka akiba. Nitajua kama bado unawapa mara tatu.

Na watakapozaana wakazidi, usiwamwage bwawa la Kitere wala Mto Ruvuma ukidhani unawapa uhuru. Australia watu waliwaachia, sasa kuna mto huko una samaki wa dhahabu wakubwa kuliko sahani na hawajui wawatoeje.

Umeme. Pampu ya maji ya kuzungusha lita 1,800 kwa saa, yaani bwawa zima kwa kama saa mbili, ni wati 30 hivi. Ikifanya kazi usiku na mchana ni karibu uniti 22 kwa mwezi. Kama mita yako iko kwenye kundi la wanaotumia chini ya uniti 75, hiyo ni karibu theluthi ya kikomo chako, na ukivuka unapandishwa bei. Piga hesabu ya friji na pasi kwanza. Maji yapitishe kwenye pipa lenye mawe na sponji, yarudi bwawani kwa kudondoka, mdondoko ndio unaoingiza hewa. Watu watakushauri pampu ya sola. Nilikuwa nayo. Inafanya kazi sana saa sita mchana, wakati mimea yenyewe inatoa oksijeni. Usiku mimea inageuka na kuivuta, na saa ambayo bwawa lina hewa kidogo kuliko zote ni alfajiri, adhana ya kwanza, sola ikiwa imelala. Ukiwakuta samaki wako wamejipanga juu wanapiga midomo alfajiri, hawakusalimii. Kwa hiyo kama ni kubana uniti, zima mchana, usizime usiku. Umeme ukikatika, usiwalishe, washa ile pampu ya pawabenki, na ukibaki bila chochote chota maji kwa ndoo uyamimine kutoka juu, dakika kumi kila saa. Samaki saba kwenye lita 3,500 watasubiri. Samaki arobaini hawasubiri.

Huu ni Julai, umebahatika, ndio wakati wetu wa baridi. Chimba na kujenga kabla Agosti haijaisha nusu, jaza, weka chandarua, washa pampu. Maji yakikaa siku tatu nne klorini imeondoka, hamisha sponji na samaki watatu. Mfuko au ndoo ielee bwawani dakika 15, uwe unaongeza maji ya bwawa kidogo kidogo ndipo uwaachie. Hao wakiwa wazima baada ya majuma mawili ongeza wanne waliobaki. Maji yatakuwa ya kijani mwanzoni kama supu ya kisamvu. Usiyamwage. Ndiyo yanakomaa.

Ukimaliza nitumie picha. Ya uzio kwanza, samaki baadaye.

Shangazi